Fraipani ndani ya oveni: jinsi ya kujua kipi kiingie na kipi kibaki nje

Harufu ndiyo iliyonirudisha jikoni. Nilikuwa nimeweka kuku kwenye oveni, nikatoka uani kuanua nguo kabla upepo haujazitupa kwa jirani, maana upepo wa Dodoma mwezi wa nane hauna simile. Nilipokaribia mlango nikakutana na harufu kali, kama ya waya wa umeme unaoungua. Nikazima gesi, nikafungua oveni. Kuku mwenyewe alikuwa amepata rangi nzuri, lakini mkono mweusi wa ile fraipani ulikuwa umelegea na kuinama kama mshumaa, na matone yake yalikuwa yanadondokea bati la chini na kufuka moshi. Kuku tulimtupa. Oveni niliisugua siku mbili, na harufu ilikaa humo karibu wiki nzima.

Fraipani ile niliinunua sokoni, na muuzaji aliniambia "hii mama inaingia popote". Nilimwamini kwa sababu sikujua cha kuuliza. Leo najua, na nataka na wewe ujue kabla hujapoteza kuku, oveni au ngozi ya kiganja chako. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 nimeona majiko ya gesi yenye oveni yakiingia nyumba hadi nyumba, Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, mpaka kwenye vyumba vya kupanga. Oveni tunazo. Vyombo vya oveni hatununui, tunatumia vilevile vya juu ya jiko. Hakuna ubaya kufanya hivyo, mradi ujue unaingiza nini.

Mama yangu kule Kondoa hakuwahi kuwa na oveni. Mkate aliupika kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, akafunika kwa bati, kisha akapalia makaa juu ya bati. Moto chini, moto juu. Sufuria ile haikuwa na mkono, haikuwa na plastiki, haikuwa na kioo wala rangi. Ilikuwa alumini tupu kuanzia kitako mpaka ukingo, na ilidumu miaka mingi. Sisi tumenunua vyombo vizuri zaidi kwa macho, vyenye mikono laini, mifuniko ya kioo na ngozi nyeusi isiyoshika chakula. Kila kilichoongezwa hapo ni kitu kipya kinachoweza kuungua. Kwa hiyo unapokishika chombo, usijiulize kama kwa ujumla kina nguvu. Tafuta kipande chake kilicho kinyonge kuliko vyote, maana hicho ndicho kitakachoamua.

Hatua ya kwanza: kigeuze, usome kitako

Vyombo vingi vya dukani vina alama chini. Unayoitafuta ni kisanduku chenye umbo la oveni, mara nyingi na namba ya joto pembeni. Usiichanganye na alama ya koili, ile inayofanana na waya wa hita uliozungushwa. Hiyo inasema chombo kinafaa jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, na haina uhusiano wowote na oveni. Nimewaona watu wakiionyesha kwa uhakika kabisa kwamba "hii hapa, imeandikwa oveni".

Namba nayo isome kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Kama pembeni yake kuna C, hizo ni nyuzi za Selsiasi, zile zile za kwenye swichi ya oveni zetu. Kama kuna F, hizo ni Farenhaiti, ambazo Wamarekani hutumia, na vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko lao vinafika mpaka huku, vipya na vya mitumba. Chombo kilichoandikwa 350°F kinastahimili nyuzi 177 tu za kwetu. 400°F ni kama 204, 450°F ni 232, na 500°F ni 260. Ukitaka kukokotoa mwenyewe, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Mtu anayesoma 400 na kuona kwamba oveni yake mwisho ni 250 atadhani ana nafasi kubwa, kumbe akiizungusha mpaka mwisho ameshapita kiwango cha chombo chake kwa nyuzi zaidi ya 40.

Kama hakuna alama yoyote, usikate tamaa. Sufuria nyingi nzuri kabisa hazina maandishi. Endelea.

Hatua ya pili: ujue mwili umetengenezwa kwa nini

Tafuta sumaku. Ya spika mbovu ya redio inafaa sana, muombe fundi yeyote. Ikinasa kwa nguvu kitakoni na ubavuni, una chuma cha kusubu au bati lenye enameli. Isiponasa kabisa na chombo ni chepesi, ni alumini. Stenlesi ina tabia mbili: nyingine inanasa, nyingine hainasi, kwa hiyo hiyo itambue kwa macho, kwa uzito na kwa mng'aro wake.

Alumini tupu, yaani sufuria zetu za kila siku zisizo na mikono, huingia oveni bila wasiwasi. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na oveni ya nyumbani haikaribii hata nusu ya hapo. (Kwenye mkaa uliopulizwa ni habari nyingine. Sufuria tupu ikisahaulika huko inaweza kutoboka, na huenda umeshaiona.) Shida ya sufuria nyembamba ni kupinda na kuunguza kitako cha keki. Pia usiache chakula chenye nyanya nyingi, ndimu au ukwaju kikae humo saa nyingi, kwa sababu uchachu unaila alumini na chakula kinachukua ladha ya bati.

Chuma cha kusubu, kile kikaango kizito cheusi ambacho mkono wake ni chuma kilekile, ndicho mfalme wa kazi hii. Joto la oveni si kitu kwake. Anachokiogopa ni maji ya ghafla na kutu.

Stenlesi nayo ni salama. Ikitoka na mawingu ya njano au bluu, hiyo ni rangi ya joto tu, haijaharibika. Bati la enameli, zile sufuria nyeupe zenye ukingo wa bluu, huingia pia kama mikono yake ni bati, ila lisiingie tupu na lisipigwe maji baridi likiwa la moto. Enameli hupasuka vipande vidogo vikali kama kioo, na hutaki kumlisha mtu hivyo.

Sasa tuzungumze kuhusu nonstiki, kwa sababu ndizo nyingi majumbani na ndizo zinazoulizwa kila siku. Ile ngozi nyeusi kwa kawaida ni PTFE, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Teflon. Mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont aliigundua kwa bahati mwaka 1938 huko Marekani, alipokuwa akishughulika na gesi za majokofu. Inastahimili mpaka karibu nyuzi 260. Ikivuka hapo inaanza kuharibika, na kadiri joto linavyopanda kuelekea 350 inatoa moshi mbaya ambao humpa mtu homa na kifua kubana, kama mafua makali. Ndege ndio wanaoumia zaidi, maana mapafu yao ni mepesi. Wako wanaolea vifaranga ndani ya boksi jikoni, karibu na jiko, ili wapate joto. Tafadhali wahamishe. Moshi wa fraipani iliyoungua unaweza kuwaua wote kabla wewe mwenyewe hujahisi kitu kifuani.

Hata hivyo niseme ninavyoona. Watu huogopa nonstiki kwenye oveni ya nyuzi 180, halafu asubuhi wanaiacha tupu juu ya moto mkali wa gesi huku wakitafuta mayai. Moto wa juu ya jiko unaweza kuivusha fraipani tupu hizo 260 kwa dakika chache, wakati oveni iliyopangwa 180 itabaki hapo hapo. Kwa hiyo nonstiki nzima, isiyobanduka, ikipikia kwa nyuzi 180 haina tatizo kwa upande wa ngozi yake. Kaa chini ya 200 na usiiweke kamwe chini ya griili, kwa sababu griili inapiga joto kutoka juu moja kwa moja na haiheshimu namba uliyoiweka. Zile zinazouzwa kama "granite", zenye madoadoa ya mawe, nyingi ni alumini iliyopakwa ngozi hiyo hiyo, jiwe halimo. Zihesabu kama nonstiki.

Chungu cha udongo huingia kama hakina rangi ya mapambo, lakini kiweke oveni ikiwa baridi, kipande joto pamoja nayo. Presha kuka haiingii, hata ukiondoa mfuniko wake: ina mikono ya plastiki, na mfuniko wenyewe una mpira na vali ambavyo vikiungua havitakulinda siku ya kupika maharage.

Hatua ya tatu: mkono, mfuniko na skrubu

Hapa ndipo pana kazi yenyewe. Ukishajua mwili unafaa, tembeza kidole kwenye kila kitu kilichoungwa juu yake.

Mkono wa plastiki nyepesi, ule unaobonyea kidogo ukiuminya kwa kucha, hauingii oveni ya joto lolote. Ndio ulioniharibia kuku. Mkono mweusi mgumu, unaolia kama mfupa ukiugonga, ni bakelaiti. Huo hauyeyuki, lakini hukauka, hupasuka na kutoa harufu. Mingi huishia kati ya nyuzi 150 na 180, na ukizidisha leo hutaona kitu, ila mwezi ujao utaukuta unacheza mkononi ukiwa umebeba mafuta ya moto. Mkono wa silikoni huvumilia zaidi, mara nyingi kupita 200, lakini huo ni wa kuangalia maandishi yake, si wa kukisia. Mkono wa mbao usiingie. Huku kwetu miezi ya kiangazi hukausha mbao hata ikiwa imetundikwa ukutani, mpaka mkono unachomoka wenyewe. Ukiongeza na oveni utapasuka.

Mkono wa chuma uliofungwa kwa ribiti ndio unaoutaka.

Mfuniko wa kioo unadanganya watu kwa sababu kioo chenyewe kinaonekana kigumu. Mingi mwisho wake ni kama 180, na kile kifundo cha kushikia katikati mara nyingi ni bakelaiti. Mimi sifungi oveni na mfuniko wa kioo ndani kabisa. Nafunika kwa foili, nabana ukingoni, basi. Au natumia mfuniko wa sufuria ya alumini, ambao kishikio chake ni alumini yenyewe.

Wiki chache zilizopita binti mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alinijia na fraipani yake mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Nimekuja na hii, nataka kuchomea samaki. Inaingia?"

Nikaigeuza. Nonstiki nzito, haina mikwaruzo, kitako kimenyooka. Mkono wa bakelaiti. Lakini pale mwisho wa mkono kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu, kwa kina cha kidole, skrubu ya nyota. Nikamwambia alete bisibisi. Tulizungusha mara kama kumi na mbili, mkono wote ukachomoka pamoja na kile kikola cha plastiki kilichokaa shingoni mwa fraipani, ikabaki ncha fupi ya chuma. Fraipani imekuwa sinia dogo lenye ukingo, na linaingia oveni ya 180 bila shaka yoyote.

Fraipani nyingi zimefungwa hivyo na wenyewe hawajui. Angalia yako. Ila ukishaondoa mkono, kumbuka utaibeba kwa mikono miwili, kushoto na kulia, kama unavyoepua sufuria ya ugali.

Hatua ya nne: pima oveni kabla hujaipasha

Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima ndani, upana na kina, mlango ukiwa umefungwa kwa akili yako, yaani mpaka pale kioo cha mlango kinapofika. Majiko mengi tunayonunua yana upana wa sentimita 50 kwa nje, na ndani nafasi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Fraipani ya sentimita 28 yenye mkono mrefu inaweza kugoma. Ijaribu ikiwa baridi, iweke kimshazari, funga mlango. Ukiubamiza mlango kwa nguvu ili mkono uingie, utakivunja kioo au utabaki na upenyo unaotoa joto.

Usiweke chombo kwenye sakafu ya oveni. Chini yake ndiko moto wa gesi uliko. Kikae kwenye waya wa katikati, na kisiguse kuta. Kwenye oveni ndogo za umeme za mezani uwe mwangalifu mara mbili, kwa kuwa zile fimbo za joto ziko karibu sana. Mkono unaoishi salama kwenye oveni kubwa ya 180 unaweza kuungua humo kwa 180 hiyo hiyo.

Na je, 180 ya oveni yako ni 180 kweli? Nyingi za gesi zina namba za kukadiria tu, au hazina namba kabisa. Kipimajoto cha oveni ni kitu cha kununua ukikiona. Usipokipata, fanya jaribio la sukari. Sukari ya mezani huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili, pasha oveni mpaka alama ya 180, kiingize dakika 15. Ikibaki chembechembe, vizuri. Toa, panga 190, rudisha kingine dakika 15: hiki kiyeyuke. Kama sukari imeyeyuka kwenye 180, oveni yako inachoma kuliko inavyosema, na chombo chenye kikomo cha 180 kisiingie humo mpaka ujue tofauti.

Hatua ya tano: washa, pasha, ingiza

Oveni ya gesi hufunguliwa mlango kwanza, ndipo huwashwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini badala ya kupanda. Ukifungua gesi mlango umefungwa, ukahangaika na kiberiti, unawasha dimbwi. Ikikataa kushika, funga gesi, acha mlango wazi na dirisha wazi dakika tano, ndipo ujaribu tena. Na kile kifuniko cha kioo cha juu ya jiko kiwe kimesimama wima muda wote oveni inapowaka. Joto la oveni hutokea kwa nyuma na juu, na kioo kilicholala juu ya plate zenye moto hupasuka kwa kishindo.

Uzuri wa chombo cha juu ya jiko kwenye oveni ni kuanza huku na kumalizia kule, bila kuhamisha chakula. Kuku wa kienyeji nampika hivi. Namchemsha kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka alainike, kwa sababu kuku aliyekimbia mtaani hataiva kwa oveni peke yake. Namkausha vizuri kwa kitambaa. Kikaango cha chuma nakiweka kwenye moto wa kati, vijiko viwili vya mafuta, namgeuza mpaka ngozi iwe ya kahawia, kisha kikaango na kuku wake wanaingia oveni ya 200 kwa dakika kama 20. Mafuta ni hayo vijiko viwili. Usiingize fraipani iliyojaa mafuta ya kukaangia, kwa sababu hakuna namna ya kuitoa bila kumwaga. Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa mtaani ni matamu, lakini hayajasafishwa kiwandani na hufuka moshi mapema. Kwa moto wa 200 kwenda juu tumia yaliyosafishwa, ambayo huvumilia mpaka karibu 230.

Hatua ya sita: kutoa

Nimeiweka mwisho kwa mpangilio tu. Kwa hatari hii ndiyo ya kwanza.

Ukiwa unapikia juu ya jiko, mkono wako umezoea kuushika mpini wa fraipani bila kufikiri. Mwaka mzima umeushika ukiwa baridi. Sasa umeutoa oveni, wote una nyuzi 200, ukauweka juu ya plate, ukageuka kuchukua chumvi, ukarudi. Mkono utakwenda wenyewe. Hujasahau kwamba ni wa moto. Ni kwamba kiganja kimefika kabla ya kumbukumbu. Niliungua hivyo mara moja, na alama ya ribiti ilikaa kwenye kiganja changu miezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujafungua oveni, tayarisha mahali pa kuweka: plate iliyozimwa au ubao mkavu, na njia ya kufika hapo isiwe na ndoo wala mtoto. Chukua glavu, au kanga iliyokunjwa mara nne. Iwe kavu kabisa. Kitambaa chenye unyevu kikigusa chuma cha nyuzi 200, maji yake yanageuka mvuke papo hapo na kukuchoma ndani ya mkunjo, na wewe umeshabeba chombo katikati ya chumba. Fungua mlango ukiwa umesimama pembeni, acha pumzi ya kwanza ya joto ipite. Vuta waya kidogo, shika kwa mikono miwili, toa, weka.

Halafu, na usiliruke hili, funga kitambaa kwenye mkono wa fraipani papo hapo. Kifunge fundo. Kikae hapo mpaka chombo kipoe, na chuma cha kusubu huchukua hata nusu saa au zaidi. Yeyote atakayeingia jikoni, mume, mtoto, mgeni anayetaka kukusaidia, akiona fundo anajua. Nyumbani kwangu hata wa miaka mitano anajua kwamba penye fundo hapaguswi.

Ikitokea umeungua, weka mahali palipoungua chini ya maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Siku ya mgawo bomba likiwa kavu, tumia ndoo na kopo, mimina polepole, kinga kwa beseni uyarudishe. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano wala barafu. Vinazuia joto kutoka, au vinaingiza uchafu kwenye kidonda, na barafu huiumiza ngozi zaidi. Malengelenge usiyatoboe. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha linazidi kiganja cha mwenye kuungua, au liko usoni, mikononi au kwenye kiungo, au aliyeungua ni mtoto, nenda hospitali.

Ikitokea moto ndani ya oveni, funga gesi au chomoa waya ukutani na uache mlango umefungwa. Moto ukikosa hewa utakufa. Usifungue kuchungulia, na usimwage maji kwenye mafuta.

Kupoza, kuosha, kurudisha

Acha chombo kipoe chenyewe. Mlio ule wa "chwaaa" maji ya bomba yanapogusa fraipani ya moto unapendeza masikioni, lakini wakati huo chuma kinajikunja kwa ghafla. Ukitaka kujua kama chako kimeshapinda, kiweke juu ya meza ya kioo au vigae vilivyonyooka, ukisukume kidogo ukingoni. Kikizunguka kama pia, kitako kimetokeza. Kwenye gesi utaendelea nacho, kwenye plate ya umeme kitaiva katikati tu.

Kikaango cha chuma osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha hapo hapo juu ya moto mdogo, maana maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na yakikauka juu ya chuma yanaacha madoa na kutu. Kisha pangusa kwa tone moja la mafuta. Rangi yake nyeusi ikianza kutoka, paka mafuta kidogo sana pande zote, futa kana kwamba umekosea kuyapaka, kiingize oveni ya 200 kikiwa kimepinduliwa, foili kwenye waya wa chini, saa moja. Zima, kiache humo humo mpaka asubuhi.

Na kama ulifungua mkono wa fraipani kama yule binti, skrubu yake usiiache juu ya meza. Mwenzetu aliiweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda, akaitafuta siku mbili. Irudishe kwenye tundu lake kwenye mkono uleule, izungushe mara mbili ishike, na usubiri fraipani ipoe kabisa ndipo uifunge. Chuma cha moto hutanuka, na skrubu iliyokazwa kwenye chuma cha moto kesho utaikuta inacheza.